Upepo wa Shuka

Mume wangu watu wanamwita Rula. Jina lake la kuzaliwa tunalijua mimi, dada yake, na karani aliyetuandikia cheti cha ndoa, na huyo karani nadhani ameshalisahau.

Ni fundi bati. Anatengeneza mifereji ya paa, matangi, majiko, milango na mabomba ya moshi. Jina la Rula lilitokana na rula yake ya chuma ya futi moja, ambayo tangu ujana wake huichomeka kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Akikaa anaitoa, akisimama anairudisha. Hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Siku alipokuja kwetu na mjomba wake kuniposa, wakubwa walikuwa wanazungumza mambo mazito, yeye macho yake yako kwenye rafu ya vyombo ya mama. Rafu ilikuwa imelalia upande mmoja miaka na miaka, sisi tumeizoea. Akavumilia, akavumilia, mwisho akasema, "Samahani mama, mna nyundo hapa nyumbani?" Mjomba wake alitamani ardhi ipasuke aingie. Mama akamletea nyundo. Akainyoosha rafu, akapangusa mikono, akarudi kukaa kwa adabu zake. Mama akanifuata jikoni akaninong'oneza, "Huyu mchukue. Hatakupiga. Hamu yote ya kupiga ataimalizia kwenye mabati."

Ni miaka thelathini na moja sasa, na mama alisema kweli.

Mungu alitujalia mabinti wawili. Wa pili alizaliwa na mguu mmoja umepinda kidogo kwa ndani. Daktari alisema utanyooka wenyewe, tusiwe na haraka. Rula alikuwa akisubiri mtoto alale, anachuchumaa kando ya kitanda, anaweka rula yake pole pole sambamba na ule mguu, anatazama, anatikisa kichwa, anaondoka. Kila Jumapili. Hakujua kwamba namwona. Mguu ule haukunyooka wote mpaka leo, na yule binti ndiye aliyekuwa akishinda mbio shuleni.

Nayasema haya ili ajulikane ni mtu wa namna gani, maana nataka kueleza habari ya bomba la moshi la pale kazini kwangu, na bila kumjua yeye habari hiyo haieleweki.

Mimi ni dobi. Kwa miaka ishirini na sita nafua na kuanika pale pale, katika nyumba ya kufulia ya mama mmoja tunayemwita Mama Bosi. Wifi yangu, dada yake Rula, yuko hapo hapo upande wa pasi. Mdomo wake ni moto kuliko pasi yenyewe, ila moyo wake ni mzuri. Tunafulia hospitali, nyumba za wageni na shule ya bweni. Kuna chumba cha boila linalochemsha maji, kuna karo refu la saruji la kusuuzia, urefu wake kama vitanda vitatu vikiunganishwa, na nyuma kuna uwanja wa kamba za kuanikia. Ng'ambo ya ukuta wa uwanja kuna chekechea. Siku nzima tunafua kwa nyimbo za watoto wanaohesabu moja hadi kumi na kuruka saba.

Sisi waanikaji tuna majina yetu ya upepo. Ukivuma ule mdogo unaochezesha foronya tu, tunauita upepo wa foronya. Ukizidi, mashuka yakanyanyuka nusu na kubaki hapo yanaelea, huo ni upepo wa shuka. Ndio tunaoupenda, nguo zinakauka bila kukunjamana. Ukiwa mkali wa kuinua mablanketi mazito, ni upepo wa blanketi, hapo tunakimbilia vibanio. Mwanafunzi wa kazi tunamfundisha hivyo siku ya kwanza. Hatujawahi kuona kama ni elimu.

Mwaka jana bomba la moshi la boila lilioza. Lilikuwa la zamani sana, lilikuwepo kabla ya Mama Bosi. Lilikuwa na kitu kimoja cha ajabu: kwenye theluthi yake ya juu lilizungushiwa ukanda wa bati uliosimama kama ukingo, unapanda kwa kuzunguka, kama ngazi ya mzunguko. Na kutu yote ilianzia hapo. Maji ya mvua yalituama chini ya ule ukanda, yakala chuma.

Mama Bosi akanituma nimwite mume wangu. Rula akaja, akaliangalia bomba la zamani baada ya kuteremshwa. Akapitisha kidole kwenye ukanda ule. "Hili pambo lenu ndilo lililoliua," akasema. "Nani alikuja na wazo la kulivalisha bomba skafu?"

Wote tukacheka. Na mimi nilicheka. Naandika hilo kwa sababu ni kweli.

Alitengeneza bomba jipya kwa wiki tatu. Mita kumi na mbili, vipande viwili vilivyoungwa katikati kwa bolti kumi na sita. Kila mshono wa kuchomelea aliusaga ukawa laini kama kikombe. Hakuweka ukanda. Kwa nini aweke mahali pa kutu kulala? Siku lilipoinuliwa, aliweka pima maji kila upande, akarudi nyuma hadi ukutani, akafumba jicho moja. Halafu akafumba na la pili, akatabasamu. Alikuwa na miaka sitini na moja, na nilijua anachofikiri: hata kama hili ndilo la mwisho, linatosha.

Bomba lilitulia siku nane. Siku ya tisa, asubuhi, nikiwa naanika, nilisikia kitu kama mtu anavuma wimbo kwa mdomo uliofumbwa. Nikatazama juu. Bomba lilikuwa linayumba. Si sana, kama kichwa cha mtu anayesema hapana pole pole. Kwenda, kurudi. Kwenda, kurudi. Ofisi ya Mama Bosi imeshikana ukuta na chumba cha boila, na huwa anaweka chai yake kwenye kizingiti cha dirisha. Kijiko kilikuwa kinagongagonga ndani ya kikombe, ting ting ting, kikombe chenyewe kinasogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni kama kinataka kutoka nje.

Wifi yangu alitoka na pasi mkononi. "Wifi! Bomba la kaka yangu linacheza ngoma!"

"Nyamaza wifi, Mama Bosi atasikia."

"Atasikia nini, kikombe chake kinatembea na anakiona!"

Baada ya nusu saa lilitulia. Rula akaja, akakaza bolti zote. Wiki ile ile likayumba tena. Akaongeza waya tatu za kulishikilia, akazikaza mpaka zikalia zikiguswa. Likayumba tena, waya mbili zikalegea na moja ikang'oa ndoano yake ukutani. Akachimba msingi kuukagua: haukuwa na ufa. Akagonga mishono yote kwa nyundo ndogo, mmoja mmoja, sikio limebandikwa kwenye chuma kama daktari. Yote mizima.

Mwalimu wa chekechea alikuja mwenyewe, mtoto mmoja amemng'ang'ania sketi. Hakugomba, na hilo ndilo lililotuuma. Alisema tu, "Mama, siku hizi siwatoi watoto nje kucheza. Bomba lenu linapoinamia upande wetu, roho yangu inatoka."

Basi Jumanne Mama Bosi akamwita Rula, na mimi nikawepo. "Fundi," akasema, "wewe nakuheshimu, na mkeo ni mkono wangu wa kulia. Lakini watoto wa watu siwezi kuwaweka chini ya kitu kinachoyumba. Nimemwambia Cheche aje Jumamosi saa sita mchana na mashine yake alikate, aweke lake."

Cheche ni kijana wa kuchomelea wa mtaa wa pili, kazi yake ni nzuri, na anamwita mume wangu mzee. Rula hakubishana. Akasema, "Ni haki yako, mama." Akatoka.

Jioni ile, kabla jua halijazama, alikaa ukingoni mwa kitanda, akaitoa rula mfukoni, akaifunga kwenye kitambaa, akanipa.

"Iweke sandukuni."

"Ya nini, baba watoto?"

"Chuma ni kizima. Msingi ni mzima. Nimepima kila kitu. Kama kila kitu kimenyooka na kazi bado ni mbovu, basi aliyeharibika ni mimi. Jumamosi wakilikata, sitashika nyundo tena. Mtu anatakiwa ajue siku mikono yake imekwisha."

Niliiweka sandukuni chini ya mashuka yangu. Katika sala yangu nilimwambia Mungu habari yote kama ilivyo, kisha nikaona nimesahau kumwomba kitu chochote, nikarudi nikapiga magoti upya.

Jumatano alikuja kazini kukusanya waya zake. Alikuwa mnyonge, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na karo, waya mapajani. Mimi nilikuwa nasuuza. Ulivuma upepo wa shuka, na bomba likaanza vituko vyake. Yeye hakuinua hata macho.

Wifi yangu akasema, "Kaka, mimi sijasoma, lakini kuna kitu kinanichekesha. Upepo unakwenda barabarani, si ndiyo? Tazama mashuka. Na bomba linayumba kwenda chekechea na kurudi. Mtu unamsukuma mbele, yeye anaanguka ubavu!"

"Upepo ukizidi nguvu unasukuma kila upande," Rula akajibu kichovu.

"Haujazidi," nikasema mimi. Nilikuwa nimeshamwambia hili mara mbili, akiwa juu ya ngazi, hakusikia. "Huu ni upepo wa shuka. Kwenye upepo wa foronya bomba halitikisiki. Kwenye upepo wa blanketi, mwezi uliopita, ule uliobeba beseni la jirani, halikutikisika hata kidogo. Ni huu wa katikati tu."

Akainua kichwa. "Rudia ulichosema."

Nikarudia. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango aliokuwa anausukuma ni wa kuvuta.

Wakati huo mimi nikaendelea na kazi. Tuna mti mmoja mrefu wa mviringo, unene wake kama mpini wa jembe, tunausimamisha ndani ya karo na kutembea nao kutoka mwanzo hadi mwisho kukusanya soksi na vitambaa vilivyozama. Juu ya maji kulikuwa na utando wa povu jembamba. Nilitembea na mti ule mwendo wangu wa kila siku, na nyuma yake povu likawa linajikunja: kisulisuli kidogo kushoto, halafu kulia, halafu kushoto, halafu kulia, vimepangana kama vifungo vya koti la safu mbili. Nimeviona miaka ishirini na sita. Na mti huwa unatetemeka mkononi. Mikono yangu imezoea, haisikii.

Rula akasimama. Waya zikaanguka.

"Nipe huo mti."

"Utalowa."

"Nipe, mke wangu."

Akautembeza pole pole mno. Visulisuli vikatokea kwa uvivu, mti umetulia. Akautembeza mwendo wangu. Mti ukatetemeka, na hakika haukutetemeka mbele na nyuma. Ulitetemeka kushoto na kulia, kukata njia. Akaukimbiza, mtetemo ukawa mdogo na wa haraka haraka, kama nyuki. Akarudia mwendo wangu. Akafumba macho, anausikiliza kwa mkono. Wanawake wote wameacha kazi, wanamwangalia mtu mzima mwenye mvi akivuta mti kwenye maji machafu.

"Kila kisulisuli kinachoondoka kinauvuta," akasema. "Hiki huku, hiki huku. Upepo nao ukilipita bomba hauwezi kufunga nyuma yake vizuri, unajikunja hivi hivi. Tatizo ni kwamba vinakuja kwa saa ile ile bomba linayotaka kuyumba."

"Kama kukunja shuka," nikasema. "Wawili wa upande mmoja tukivuta kwa pamoja, wa upande wa pili anaweza kuanguka. Kila mtu akivuta kwa wakati wake, shuka haliendi popote."

Hapo akageuka kutazama kona ya uwanja, yalikolala mabaki ya bomba la zamani, ukanda wake wa kutu bado umelizunguka. Alitazama muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ndogo sana, "Nililiita skafu."

Wifi yangu, ambaye kwa kawaida hangeacha nafasi kama hiyo ipite, alikwenda akafungua utepe uliofunga kitambaa cha meza yake ya pasi, ule mnene wa kamba, akampa kaka yake. Rula akauzungusha kwenye mti, ukipanda kwa mzunguko, akaufunga fundo juu na chini. Akautia majini. Akatembea mwendo wangu.

Povu nyuma ya mti likavurugika tu, likawa uji. Visulisuli vilijaribu kujikunja, huku kimoja mapema, huku kingine kimechelewa, vikavunjana. Mti ulikuwa umetulia mikononi mwake.

Alikwenda mwenyewe kwa Mama Bosi, suruali inachuruzika maji. Hakuomba kuongezewa siku. "Jumamosi saa sita ibaki Jumamosi saa sita," akasema. "Niruhusu tu niteremshe kipande cha juu. Kosa ni langu. Nilitoa kitu kwa sababu sikujua kazi yake." Mama Bosi akaangalia matone sakafuni mwake, akasema, "Haya."

Winchi ya kuteremshia alikuwa nayo Cheche. Nilidhani kijana atakataa, maana kusaidia kulikuwa ni kujinyima kazi yake mwenyewe. Alikuja Alhamisi alfajiri. "Mzee," akasema, "nimekuja kuona mwenyewe. Maana huko mtaani wanasema umetibiwa na maji ya sabuni."

"Shika kamba," Rula akamwambia.

Kipande cha juu kikalazwa kwenye magogo. Sasa ikaja kazi yenyewe, na hapo ndipo nilipomwonea huruma mume wangu. Alikata ukanda wa bati ulionyooka, safi, kama alivyokata maisha yake yote, akajaribu kuusimamisha kuzunguka bomba. Ukakataa. Ukikaa hapa, unanyanyuka pale. Akakata mwingine, ulionyooka zaidi. Ukakataa zaidi. Saa ya chakula jasho lilikuwa limemjaa machoni. Nilimletea chakula na chungwa. Mimi humenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika, ni mchezo wangu wa utotoni. Nikampa chungwa, yeye akachukua ganda.

Akalizungusha kwenye bomba, likalala lenyewe. Akalitandaza juu ya bamba la chuma, likajikunja upinde.

"Hee," akasema. "Kumbe unatakiwa ukatwe ukiwa umepinda."

Mkono ukaenda mfuko wa nyuma kutafuta rula. Haikuwepo. Akabaki amesimama hivyo kidogo, mkono mfukoni. Halafu akachukua chaki, akachora upinde kwa jicho.

Cheche alikaribia kuanguka kwa kicheko. "Njooni muone! Rula leo anakata ndizi!"

"Kata na wewe, mdomo mrefu. Nataka ishirini na nne."

Walikata ndizi zile mpaka jioni. Kanda tatu zilipanda bomba kwa pamoja, zinafukuzana bila kukutana. Na kwa sababu ya ile kutu ya zamani, Rula alitoboa tundu dogo chini ya kila kipande, maji ya mvua yapate pa kutokea. Aliyelitengeneza bomba la kwanza hakufikiria hilo. Ijumaa adhuhuri walilipandisha na kulifunga. Alilitazama kutoka ukutani, akafumba jicho moja, akalifumbua upesi. "Bora nisilitazame," akasema. "Linaniumiza macho."

Saa tisa ulikuja upepo wa blanketi. Ulipiga milango, ukatupa vibanio. Bomba likasimama wima kama askari. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mama Bosi akatoka ofisini amefurahi. "Fundi, umeweza! Namwambia Cheche asije."

Angeweza kusema ahsante, akaenda nyumbani. Mimi moyoni nilimwomba aseme ahsante.

"Hapana, mama," akasema Rula. "Kwenye upepo huu hata kabla lilikuwa linatulia. Hili bado halijapimwa. Mwambie aje."

Wifi yangu akanifinya kiuno. "Kaka yangu ana kichaa."

Jumamosi jua lilitoka na hakuna hata jani linalotikisika. Tulianika mashuka ya hospitali kamba zote, zaidi ya sabini, yakaning'inia kama kuta. Saa tatu, hakuna. Saa nne foronya zikaanza kucheza pembe, zikaacha. Cheche alifika saa tano na mashine yake ya kukatia, akaiweka chini mbali kidogo, kwa heshima, akakaa juu ya ndoo. Mwalimu wa chekechea alikuwa amesimama kwenye upenyo wa geti, ingawa Jumamosi hawana shule. Mama Bosi aliweka chai yake kizingitini, kijiko ndani, akaketi dirishani. Rula alisimama katikati ya kamba, hatazami bomba. Anatazama mashuka.

Mimi nilishika foronya iliyokwisha kauka nikajifanya naikunja. Niliona aibu kumwomba Mungu upepo, na wengine saa hiyo wanamwomba wagonjwa wao wapone, walio kwenye mashuka haya haya. Halafu nikasema, ni Wake, nikauombe kwa nani? Nikaomba kidogo tu, wa kiasi cha shuka.

Saa sita kasoro robo foronya zikacheza tena. Hazikuacha. Shuka la kwanza likajaza tumbo kuelekea barabarani, likarudi. Likajaza tena. La pili likalifuata, na la tatu, mpaka uwanja mzima ukanyanyuka nusu na kubaki hapo unaelea, mweupe mtupu.

"Huu ndio," nikasema.

Wifi aliacha pasi juu ya gauni la mtu mpaka tukasikia harufu, akaruka kuiondoa, akarudi mbio. Tulisikiliza kama ule mvumo wa mdomo uliofumbwa utakuja. Tulisikia mashuka, na boila likikoroma, tukautazama moshi ukitoka juu na kuchanikachanika. Bomba halikwenda wala halikurudi. Dakika tano zikapita. Dakika kumi. Saa sita ikafika, ikapita, na upepo bado ni ule ule.

Mama Bosi akakigusa kikombe chake kwa kidole, kama anataka kuhakikisha ni chenyewe. Kijiko kilikuwa kimelala kimya. Akanywa.

"Chai imepoa," akasema. "Mtu aniletee nyingine. Na mletee fundi kiti, jamani, mnamwacha amesimama!"

Mwalimu wa chekechea alilitazama bomba, akatazama uwanja wake, akafunga geti taratibu akaenda zake. Jumatatu tulisikia watoto nje, moja mbili tatu nne tano sita nane.

Cheche akabeba mashine yake begani. "Mzee, wiki ijayo nina tangi la kona nne, na kona zangu mimi, wewe unazijua. Niazime ile rula yako."

"Haiazimwi," Rula akasema. "Nitakuja nayo mwenyewe." Akanigeukia. "Mama watoto, uliiweka wapi?"

"Sandukuni, chini ya mashuka."

Alitangulia nyumbani, mimi nikabaki kuanua. Nilipofika jioni, mlango ulikuwa wazi na nyumba kimya. Sanduku lilikuwa limefunguliwa. Mashuka yangu yote yalikuwa yametolewa na kukunjwa upya, kona kwa kona, yamerundikwa kitandani upande wangu kama matofali, mimi niliyekunja mashuka miaka ishirini na sita! Yeye alikuwa amelala upande wake na viatu miguuni, usingizi mzito ambao hakuupata wiki nyingi, amelala kifudifudi ili rula isimchome.